Maji Yaliyotoka Chini

Mwaka 2011 mama alinunua vifaranga 150 wa kuku chotara, na Aprili ikawakuta wana wiki tatu. Anayeijua Tukuyu ataelewa kwa nini nautaja mwezi. Kwetu mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, na Aprili huja usiku na mchana, ukungu ukitanda migombani hadi saa nne asubuhi. Nguo hazikauki. Chumvi inalowa ndani ya kopo. Katika hali hiyo mama alitaka sakafu ya banda la kuku iwe kavu, na majirani walimwambia wazi kwamba kwa Tukuyu hilo asilitegemee.

Nilikuwa kidato cha pili, nimekuja nyumbani likizo ya Pasaka. Asubuhi moja nilifungua mlango wa banda, amonia, ile hewa kali ya kinyesi kilicholowa, ikaniwasha macho kabla sijavuta pumzi. Nikamwita mama. Aliinama, akachota kiganjani maranda tuliyotandika sakafuni, akayaminya, kisha akafungua mkono. Maranda mazuri ukiyaminya hushikana kidogo, ukiyaachia yanavunjika. Yakiwa vumbi tupu nayo si mazuri, yanawasumbua kuku kifua. Yale yalibaki donge, alama za vidole vyake zikionekana. Kwenye kona vifaranga kadhaa walisimama wamejikunyata, mabawa yameshuka, na chini yao kulikuwa na kinyesi chenye damu.

Bwana mifugo alifika mchana. Akaagiza amprolium ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa, kisha akakaa kwenye kigoda kutueleza, na maelezo yake ninayo hadi leo. Vimelea vya koksidia, vinavyoleta kuhara damu kule, vikitoka na kinyesi huwa bado haviwezi kuambukiza. Vinahitaji unyevu, joto na hewa kwa siku moja au mbili ndipo vinakomaa, na kifaranga akidonoa hapo anameza ugonjwa. "Dawa itawasaidia hawa walioumwa," alimwambia mama, "lakini ukiwaacha juu ya sakafu hii, mama, utaniita tena."

Maji yalikuwa yanatoka wapi, basi? Baba mdogo, aliyelijenga lile banda kwa mikono yake, alikuwa na hakika ni bati. Akapanda juu na kopo la lami, akaziba kila tundu la msumari huku manyunyu yakimlowesha mgongo. Kesho yake maranda yakawa vilevile.

Mama hakubishana naye. Alisogeza maranda katikati ya banda, mbali na kuta na mbali na vyombo vya maji, akafagia hadi udongo ukaonekana. Akatandika kipande cha nailoni, akakandamiza kingo zake kwa matofali, akazuia vifaranga wasipite. Asubuhi akamwita.

"Shemeji, njoo uone kitu."

Upande wa juu wa nailoni ulikuwa mkavu. Mama alipoifunua, upande wa chini ulijaa matone, na udongo uliokuwa umefunikwa ulikuwa mweusi kwa unyevu. Baba mdogo alichuchumaa pale kwa muda mrefu. Angeweza kukasirika, maana kazi ilikuwa yake. Badala yake aliugusa ule udongo, akasema, "Ardhi ndiyo inayapandisha, shemeji. Nipe jembe." Nimekutana na mafundi wengi tangu siku hiyo, na wachache sana wana moyo wa namna hiyo.

Alinipa kazi ya hesabu. Paa lilikuwa mita sita kwa nne, yaani mita za mraba 24. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu yake, ni lita 1,200 zinazoporomoka, mapipa sita makubwa. Hatukuwa na mifereji ya bati, kwa hiyo yote hayo yaliangukia mguuni mwa ukuta, na yale ya kilimani nyuma ya banda yakaongezeka juu yake. Sakafu ilikuwa sawasawa na ardhi ya nje. Maji hayakuhitaji mlango.

Vifaranga tuliwahamishia sebuleni, tukawazungushia mbao nyuma ya makochi, jiko la mkaa likiwaka na madirisha yakiwa wazi kwa sababu ya moshi. Wageni walipokelewa jikoni. Baba mdogo alichimba mtaro upande wa kilimani, akaupindisha maji yaishie kwenye migomba. Ndani tulitoa udongo uliolowa, tukamwaga mawe, juu yake kokoto, kisha nailoni nzima isiyo na kiungo, na mwisho udongo mkavu tuliokuwa tumeuhifadhi upenuni, tukaushindilia hadi sakafu ikawa shubiri moja juu ya ardhi ya nje. Mabati chakavu yakarefusha upenu. Juu ya yote tukamwaga pumba za mpunga zilizopanda na lori kutoka Kyela, unene wa kiganja kilichosimamishwa.

Lilibaki turubai. Tulikuwa tumeziba pande zote nne ili vifaranga wasipate baridi, kama karibu kila mfugaji wa kwetu anavyofanya. Lakini kinyesi cha kuku karibu robo tatu yake ni maji, na pumzi zao nazo zina mvuke. Ukiziba kila upande, unyevu huo unapanda kwenye bati, unageuka matone na kuwarudia. Mama alilishusha turubai sehemu ya juu, upande usio na upepo, hewa ipite juu ya vichwa vya vifaranga. Vyombo vya maji akavipandisha kwenye matofali hadi usawa wa migongo yao, wanywe bila kumwaga. Kazi yangu ilikuwa kugeuza pumba kwa reki kila asubuhi na kutoa gamba lolote lililoanza kushikana.

Baadhi ya vifaranga walikufa, sitaficha. Waliobaki walimaliza masika juu ya sakafu iliyokuwa ikitoa vumbi kidogo nikiburuta reki, wakati nje magari yanakwama kwenye matope.

Agosti tulipouza majogoo, mkulima wa viazi kutoka Isongole alikuja kutafuta mbolea. Alitia mkono ndani ya gunia, akaminya kama mama, akalinyanyua kupima uzito, akasema mbolea ya kuku ya Tukuyu kwa kawaida ni kubeba maji. Akachukua magunia yote. Kwa fedha hiyo mama akanunua saruji, na Baba mdogo akaanza kupima msingi wa banda la pili, safari hii juu zaidi, kwenye mwinuko.