Breki zililia hata kwa pedi mpya: nilivyozinyamazisha mwenyewe nyumbani

Kila niliyemweleza kwamba breki za gari langu zinalia alinikatiza kabla sijamaliza: badilisha pedi, vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu ili gari lisimame. Nilikuwa nimeshazibadilisha! Gereji ilinifungia pedi mpya za mbele, na gari likatoka pale likilia vilevile, ule mlio mwembamba mkali unaokuja mwendo ukipungua na mguu umegusa breki kidogo tu. Niliporudi, fundi akaniambia, "Mama, pedi mpya hulia, zitazoea." Nikaendesha, nikasubiri, hazikuzoea. Niliporudi tena nikashauriwa ninunue pedi za bei ya juu zaidi. Hapo nikaamua kufungua gurudumu mwenyewe.

Jambo hili bado linaniudhi, kwa sababu breki hazilii kwa namna moja. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi kugusa diski lainingi (sehemu ya pedi inayosugua) inapobaki milimita 2 au 3 hivi, kupiga kelele kukuonya. Ukisikia huo mlio, kweli, nunua pedi. Kelele ya asubuhi baada ya mvua ni kutu nyembamba ya usiku mmoja juu ya diski, na ukikanyaga breki mara chache inafutika. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, acha kuendesha kabisa. Kuna na bati la kuzuia vumbi nyuma ya diski: likipinda au kokoto ikinasa hapo, kelele huja hata hujagusa breki, na dawa yake ni kulirudisha taratibu kwa mkono au bisibisi.

Kelele yangu haikuwa hata moja kati ya hizo. Ulikuwa mlio wa mtetemo. Pedi inanata kwenye diski, inateleza, inanata tena, maelfu ya mara kwa sekunde, na diski inaimba kama ukingo wa bilauri unaposuguliwa kwa kidole kilicholowa. Kwa hiyo upya wa pedi hautoshi. La kuuliza ni kama pedi imekaa sawa mahali pake, na kama inaachia diski unapoondoa mguu.

Kwanza nilitafuta gurudumu linalolia. Nilipita polepole kando ya ukuta mrefu, madirisha wazi, maana ukuta hurudisha sauti, na mwanangu akiwa kiti cha abiria akasikiliza. Breki ya mkono katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma peke yake, basi mahali peupe pasipo watu, kwa mwendo mdogo, niliivuta taratibu huku nimebonyeza kitufe chake. Kimya. Tatizo ni la mbele. Kisha nikaendesha kipande kirefu bila kutumia breki sana, nikasimama, nikasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. La kushoto lilikuwa linatoa joto kama nimetoka kushuka mlima, la kulia vuguvugu tu. Pedi ya kushoto ilikuwa inasugua diski muda wote.

Kabla ya hapo jirani alikuwa amenishauri nipige msasa. Ni ushauri wenye mantiki, kwa sababu pedi ikichemka sana uso wake hung'aa na kuwa mgumu, na uso huo hulia. Nilivaa barakoa, nikafuta vumbi kwa kitambaa kibichi (usilipulize vumbi la breki kwa upepo, pedi za zamani zilikuwa na asbesto na hujui gari limefungwa nini), nikatandaza msasa juu ya kioo kilicho bapa, nikasugua pedi mpaka mng'ao ukaisha, nikachonga kidogo kingo zake. Gari likanyamaza. Siku chache baadaye mlio ukarudi, ule ule, gurudumu lile lile. Jirani akasema sikusugua vya kutosha. Mimi niliona msasa umenipa jibu: kama uso ukisafishwa mlio unaisha, na baada ya muda uso unaharibika tena, basi kuna kitu kinachouchoma. Nikiunganisha na lile joto la rimu, sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Na kuna aliyeniambia nipulizie oili kwenye diski. Tafadhali, msifanye hivyo, wala oili, wala grisi, wala sabuni. Diski iliyopakwa mafuta hunyamaza, lakini pia haishiki, na aliye mbele ya gari lako hana kosa lolote.

Nikaweka kabari, nikapandisha gari, nikaliegemeza kwenye stendi, kwa maana jeki peke yake si ya kuingiza mkono chini yake. Kalipa, kile chuma kinachokumbatia diski na kubana pedi, nikaifunga kwa waya kwenye springi ili isining'inie kwa hosi ya mafuta ya breki. Pedi ya ndani ilikuwa imeshaanza kuliwa kuliko ya nje, ingawa zote ni mpya. Aina hii ya kalipa huteleza juu ya pini mbili. Pini ikigoma, pedi za pande mbili haziliki sawasawa. Pini ya chini ilitoka kwa vidole. Ya juu niliizungusha kwa koleo, ikatoka kavu, ina kutu, grisi ya zamani imekuwa kama lami. Niliisafisha ikang'aa, nikapaka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya petroli huvimbisha raba za pini, na ukiitumia utarudi pale pale.

Wengi wangefunga hapo. Lakini niliporudisha pedi kwenye breketi, fremu inayoishikilia, nikaona inahitaji kugongwa, na pedi inatakiwa iingie kwa kusukumwa na kidole. Inabana wapi? Kwa macho huoni kitu. Ndipo nikakumbuka chaki. Nilichukua chaki nyeupe, nikapaka masikio ya pedi yote (ncha zake zinazokaa kwenye breketi), juu, chini na pembeni, nikaisukuma mahali pake, nikaichomoa. Chaki ilikuwa imebaki kila mahali isipokuwa kwenye mstari mmoja wa sikio la juu, umefutika safi mpaka chuma kinaonekana. Nikang'oa klipu ya bati iliyo upande huo, na chini yake kulikuwa na kutu iliyovimba, imeinua klipu na kuibananisha na pedi. Fundi aliingiza pedi mpya kwa nyundo juu ya klipu kuukuu na kutu yake! Kuna wanaopunguza masikio ya pedi kwa tupa ili ziingie; hao wanaikata pedi badala ya kuondoa kutu. Nilibandua kutu kwa bisibisi bapa, nikamalizia kwa tupa na brashi ya waya mpaka chuma cha breketi kikawa sawa, nikafunga klipu mpya. Nikapaka chaki tena. Safari hii ilifutika kidogo kidogo kila upande, na pedi ikateleza kwa kidole. Nilifurahi nikamwita mwanangu aje aisukume mwenyewe.

Pedi nyingi huuzwa na klipu zake ndani ya boksi, kwa hiyo uliza zimekwenda wapi. Na daima omba vyuma vyako vya zamani. Mimi huondoka navyo, na kwenye mfuko wa pedi za zamani ndimo nilimokuta vile vibati vyembamba vya kukaa nyuma ya pedi, vyenye tabaka la raba la kumeza mtetemo. Kwenye pedi mpya havikuwepo. Vilikuwa vizima na vinaingia, nikavisafisha nikavirudisha. Nyuma ya pedi na kwenye masikio nilipaka grisi ya breki inayostahimili joto, kiasi cha ukungu tu, na hakuna hata tone upande wa diski.

Pistoni, ile inayosukuma pedi, niliirudisha polepole nikitazama chupa ya mafuta ya breki, maana hupanda, na yakimwagika hula rangi ya gari. Kabla gari halijasogea, pampu pedali mpaka iwe ngumu, la sivyo mguu utazama mara ya kwanza utakapohitaji kusimama.

Kisha barabara tupu: kutoka kilomita 50 kwa saa nashuka mpaka 10 bila kusimama kabisa, naongeza mwendo, narudia mara kadhaa, halafu naendesha bila breki ili zipoe. Mlio haukutoka hata mara moja. Rimu ya kushoto sasa ina joto sawa na ya kulia. Gharama yote ilikuwa tyubu ya grisi, kopo la dawa ya kusafishia breki na klipu, chini sana ya zile pedi za bei ya juu.

Upande wa kulia nao niliufungua, ingawa haukuwa unalia, na pini yake ya juu ilikuwa imeanza kukauka. Nimeipaka grisi. Nati za magurudumu nilizikaza tena baada ya kuendesha kidogo, na kila nikitoa magurudumu sasa nazungusha zile pini kwa vidole kabla ya kufunga.