Nilivyofundisha adabu za marae: anzia langoni

Wanafunzi wengi hufika marae, uwanja wa makutano wa Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, wamekariri majina ya michongo yote lakini hawajui wasimame wapi. Ndiyo maana siku hizi naanzia langoni. Nachora kwa chaki lango, ātea (uwanja wa mbele) na nyumba yenyewe, wharenui, kisha nawapanga wanafunzi 30 nje ya lango na kuwakataza kusogea. Aliyelelewa kupiga hodi hushangaa: hapa mgeni habishi, anangoja aitwe.

Mwito, karanga, hutolewa na mwanamke wa wenyeji, na mwanamke wa upande wa wageni huujibu huku kundi likitembea polepole. Sitaki wauigize, kwa kuwa ndani yake marehemu hutajwa. Napiga kofi tu kama ishara. Shule nyingi husahau kumtafuta mapema wa kuujibu, pamoja na mzee wa kuwasemea wageni. Bila hao mnakwama langoni.

Kabla ya safari uliza hotuba zinakwendaje. Kwa pāeke wenyeji humaliza wote ndipo wageni waseme. Kwa tauutuutu hupokezana. Kila hotuba hufuatwa na wimbo, kwa hiyo jifunzeni angalau nyimbo mbili. Koha, mchango wa wageni, huwekwa chini na msemaji wao wa mwisho, basi bahasha awe nayo yeye, si mwalimu aliyekaa nyuma.

Hongi, salamu ya pua kwa pua, ndiyo inayowachekesha watoto. Pua hugusishwa taratibu, mkono wa kulia ukiwa umeshikana na wa mwenyeji, hazisuguliwi. Anayekuja kwa haraka humgonga mwenzake kipaji cha uso. Baadaye huja chakula, na hakirukwi hata ratiba ikibana, maana ndicho kinachomwondolea mgeni tapu, yaani hali ya utakatifu na mwiko, na kumfanya mtu wa kawaida pale.

Nyumba naifundisha kwa mwili, kwa kuwa ni mwili wa babu. Mmoja anasimama ametandaza mikono: hiyo ni maihi, na vidole ni raparapa. Uso ni koruru, uti wa mgongo ni tāhuhu, mbavu ni heke. Wakishaelewa hivyo, hawaulizi tena kwa nini viatu hubaki nje na chakula hakiingizwi. Mto wa kulalia haukaliwi, kwani kichwa ni tapu.

Wamoriori, wenyeji wa asili wa visiwa vya Chatham, nawapa kipindi chao peke yao. Kuwabandika mwishoni mwa somo la Wamaori huendeleza uongo wa zamani kwamba walikuwa taifa jingine lililofukuzwa kutoka Nyuzilandi bara. Kwao ni Rēkohu, visiwani Chatham, kilomita 800 hivi mashariki mwa Nyuzilandi bara. Mwaka 1835 makabila ya Wamaori ya Ngāti Mutunga na Ngāti Tama walipovamia, Wamoriori walishika agano la babu yao Nunuku la kutoua. Wengi waliuawa, waliobaki wakafanywa watumwa. Hapa mwalimu apime maneno, kwa sababu wazao wa pande zote wangali wanaishi kisiwani. Tommy Solomon, aliyefariki 1933, huitwa Mmoriori "wa mwisho", ingawa wazao wapo hadi leo, na darasani neno hilo nalifuta ubaoni mbele yao.

Kisha tunaitazama Kōpinga, marae yao iliyofunguliwa 2005. Ukiiona kutoka angani, umbo lake ni la ndege albatrosi anayeruka. Nguzo ya katikati imeandikwa majina ya mababu zaidi ya 1,500. Salamu ninayowafundisha ni moja: me rongo, yaani kwa amani.