Pangaboi, Timazi na Spika Kumi na Mbili

Leo jioni nimemaliza kuwamba kitambaa cha marekani kwenye fremu ya mwisho ya kunyonya sauti, nikazima taa ya kazi na kukaa peke yangu kitini, nisikilize chumba kilivyo bila muziki. Ni miezi kumi na minne tangu tulipochimba msingi nyuma ya nyumba hapa Fuoni, Zanzibar, na hatimaye nina mahali pa kuchanganyia muziki unaomzunguka msikilizaji: spika saba katika usawa wa masikio, nne juu darini, na moja ya besi iliyowekwa sakafuni peke yake.

Mwanzoni nilikuwa nikiutamani Mji Mkongwe. Kuta za mawe na chokaa za nyumba zile ni nene kiasi kwamba kelele za uchochoroni humfikia aliye ndani zikiwa zimechoka. Lakini upana wa vyumba vyake uliamuliwa zamani na boriti za mikoko, ambazo hazivuki zaidi ya mita tatu hivi kutoka ukuta hadi ukuta, na katika chumba chembamba namna ile spika za ubavuni zingekuwa kama watu wawili wanaoninong'oneza kwa pamoja. Isitoshe, mji uliomo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000 hauvunjwi kuta zake kwa sababu mtu mmoja anataka nafasi ya besi.

Kwa hiyo nikajenga chumba ndani ya chumba. Cha nje ni cha matofali ya saruji, na juu yake tumemwaga zege kwanza, kisha ndipo tukaezeka mabati, kwa kuwa anayeujua mvumo wa mvua ya masika juu ya bati hawezi kuliacha bati liwe kinga yake ya pekee. Cha ndani ni cha mbao na jipsam, nacho hakigusi cha nje mahali popote isipokuwa kwenye vipande vya mpira chini yake. Urefu wake ni mita 5.6, upana mita 4.4 na kimo mita 3.1.

Kuhusu kitu cha kujaza kwenye fremu, nilishauriwa nitumie sufi, maana misufi haijatuishia na godoro la sufi hunyonya sauti vizuri. Nilichukua konzi moja uani nikaitia kiberiti. Iliwaka yote kabla sijakitupa kijiti. Nikanunua mabamba ya pamba inayotengenezwa kwa mwamba ulioyeyushwa, ghali na yenye kuwasha ngozi, nikayafunika kwa marekani baada ya kuijaribu kwa njia rahisi: niliiweka mdomoni nikavuta pumzi, ikapita. Nguo inayopitisha pumzi haitaizuia sauti kuifikia pamba iliyo nyuma yake.

Kosa lililonifunza zaidi lilitokea darini. Fundi wangu wa mbao, mzee mwenye mkono mzuri kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, alikuwa amekwisha kufunga vishikizo vinne vya spika za juu siku ambayo mimi nilikuwa bandarini nikihangaikia mzigo. Niliporudi nikavikuta vimepangwa sawasawa, mraba usio na dosari, lakini kitovu chake kilikuwa katikati ya chumba.

"Shikamoo, fundi. Mbona vimekwenda nyuma?"

"Marahaba, mwanangu. Havikwenda nyuma. Vipo katikati. Hata pangaboi hutungikwa katikati."

Nikaona ya kwamba hakuwa amekosea kwa kanuni aliyoijua. Pangaboi ni la chumba, na chumba hupimwa kutoka ukutani. Spika hizi ni za mtu mmoja aliyeketi, na kiti changu hakipo katikati ya urefu. Kipo mita 2.15 kutoka ukuta wa mbele, kwa kuwa katikati kabisa baadhi ya sauti nzito hufifia. Tofauti ya sentimita 65 inaonekana ndogo kwenye futi, lakini spika za juu zilizotakiwa kunitazama kwa nyuzi 45, mbele na nyuma, sasa zilikuwa zimepanda hadi nyuzi 59 upande wa mbele na kushuka hadi 35 upande wa nyuma. Mvua iliyorekodiwa ingeninyeshea kisogoni.

Sikumweleza kwa hesabu. Nilimwomba aketi kitini, nikapanda ngazi, nikateremsha timazi kutoka darini polepole mpaka ncha yake ikagusa kitovu cha kofia yake ya viua. Nikachora duara kwa chaki pale uzi ulipoanzia. Alitazama juu kwa muda, akavua kofia, akacheka, kisha yeye mwenyewe akaanza kupima mita 1.6 kwenda mbele na 1.6 kwenda nyuma. Tangu siku hiyo kila kipimo kilianzia kwenye duara lile la chaki. Spika za chini zote zipo mita 1.8 kutoka kichwani, zile za juu, zilizo pembeni pia, zipo mita 2.77, na kwa kuwa katika joto letu la nyuzi 27 sauti husafiri kama mita 347 kwa sekunde, zile za karibu huchelewesha sauti kwa milisekunde 2.8 ili zote zifike pamoja.

Kazi ya kwanza niliyoifungua ni rekodi ya kikundi cha taarab. Dolby Atmos, mfumo wa kuipanga sauti kumzunguka msikilizaji, unanipa nafasi 128 za sauti, na kishawishi cha kuzitawanya fidla nyuma ya msikilizaji kilinikaa kwa siku mbili nzima. Nimeziacha mbele. Anayekwenda kusikiliza taarab huwatazama wapigaji, na kumzungushia kichwani sauti ya kanuni, ile ala ya nyuzi, ni kuonyesha mashine badala ya muziki. Juu darini nimepeleka sauti ya maikrofoni mbili tu, zilizotungikwa ukumbini mbali na jukwaa; zinaleta pumzi za watu na mwangwi wa makofi. Najua wengi watausikiliza wimbo huu kwa visikizio vya masikioni, ambavyo huigiza mzunguko wote kwa spika mbili ndogo, lakini uamuzi wa nini kikae wapi siwezi kuufanya humo.

Limebaki jambo moja. Upana wa mita 4.4 hukifanya chumba kitetemeke karibu na Hz 39, yaani mitetemo 39 kwa sekunde, na noti ya mi ya chini ya gitaa la besi ni Hz 41. Ukutani sauti hiyo hunguruma. Kitini, katikati kamili ya upana, hupungukiwa nguvu hata nikashawishika kuipandisha. Ninapanga kuongeza unene wa pamba ubavuni hadi sentimita 30, fedha zikipatikana. Kwa sasa, kila besi inaposhuka mpaka pale, nainuka kitini nilichokipimia nyumba nzima, naenda kuegemea ukuta na kusikiliza kutoka huko.