Leseni ya unesi Marekani: kinachochelewesha ni karatasi

Hakuna leseni moja ya uuguzi inayotolewa na serikali kuu ya Marekani. Kila jimbo lina bodi yake ya uuguzi, na ndiyo inayopima elimu yako na kukuruhusu kufanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi. Kwa hiyo kabla hujalipa ada yoyote, chagua jimbo. Kuwa na ndugu huko si kigezo kizuri cha kuanzia. Soma masharti ya bodi: je, inadai namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani (Social Security Number) kabla ya kutoa leseni? Aliye nje ya Marekani kwa kawaida hana namba hiyo, na anaweza kufaulu mtihani halafu leseni ikakwama.

Bodi nyingi hutaka elimu yako itathminiwe kwanza. Taasisi inayotumiwa sana ni CGFNS, iliyoanza mwaka 1977 na ambayo sasa inajiita TruMerit. Chuo chako kitume transkripti moja kwa moja, na baraza la wauguzi la nchi uliyosajiliwa lithibitishe leseni yako moja kwa moja pia. Nakala utakazotuma mwenyewe hazitachukua nafasi hiyo, hata zikiwa na mhuri wa wakili.

Miezi hupotelea hapa. Tathmini inataka saa za nadharia na saa za mafunzo ya wodini, zimetenganishwa kwa kila eneo: magonjwa ya ndani na upasuaji kwa watu wazima, uzazi, watoto, na afya ya akili. Transkripti nyingi zina alama tu. Karani wa chuo akiandika "wiki 6 wodi ya watoto" bila saa, faili litarudi. Usimwachie abahatishe, mpelekee silabasi ya miaka uliyosoma wewe (mtaala mpya haukuhusu) pamoja na nakala ya kitabu chako cha mafunzo ya vitendo. California ni kali zaidi: nadharia na vitendo vya somo moja lazima viwe vimekwenda sambamba. Aliyesoma nadharia ya uzazi mwaka mmoja na kuingia leba mwaka uliofuata anaweza kuambiwa arudie somo hilo.

Halafu majina. Cheti kina majina matatu, pasipoti mawili, leseni ina jina la kabla ya ndoa. Sawazisha mapema, kwa sababu jina kwenye kibali cha mtihani lisipolingana na kitambulisho, hutaingia chumba cha mtihani, na ada haitarudi.

Kujiandikisha kwa NCLEX hulipiwa Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani huo, dola 200, na ukifanyia kituo cha nje ya Marekani unaongeza 150. Maswali ni kati ya 85 na 150, muda saa 5. Kompyuta hupanga ugumu wa swali kwa kufuata majibu yako, hivyo kuishia swali la 85 hakukuambii kama umefaulu au umefeli. Tangu Aprili 2023 kuna visa vya wagonjwa, kila kimoja na maswali 6, vinavyopima uamuzi: nani aonwe kwanza, dalili ipi ni ya hatari. Manesi wazoefu huteleza hapa kwa kujibu kama wanavyofanya kazini penye uhaba. Mtihani unachukulia kwamba vifaa vipo, dawa zipo na wenzako wapo zamu. Ukifeli, utasubiri siku 45 kabla ya kurudia, na baadhi ya majimbo huweka muda mrefu zaidi.

Leseni haikupi viza. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996 inadai cheti kingine, VisaScreen, ambacho nacho kinataka Kiingereza. Matokeo ya IELTS au TOEFL hudumu miaka 2 tu, na foleni ya viza za kazi za kudumu inaweza kuwa ndefu kuliko hapo. Bodi yako isipoyadai mwanzoni, fanya mtihani huo wa Kiingereza faili la VisaScreen likibakiza matokeo hayo tu. Cheti kikishatoka kina miaka 5.