Kurudisha imeli baada ya kubadili diski: siku tatu za kutafuta inboksi

Siku ya 1

Diski ya zamani ilikuwa inagonga gonga humo ndani wiki nzima, nikaitoa kabla haijakata roho kabisa, nikaweka SSD, Windows ikaingia bila shida. Nikainstoli Thunderbird, programu ninayosomea imeli. Bakapu ninayo kwenye flashi, folda nzima ya profaili (ndimo zinamokaa imeli na mipangilio yangu yote) niliyoikopi kutoka AppData, folda ya Windows ya data za programu, so nikajua ni kazi ya nusu saa. Wapi!

Kwanza AppData yenyewe imefichwa, usipowasha kuonyesha vitu vilivyofichwa utazunguka mpaka kesho. Nikapesti profaili ya zamani pembeni ya ile mpya, nikafungua programu, ikaniomba nitengeneze akaunti kana kwamba hatujawahi kujuana. Kumbe kuna faili la profiles.ini ndilo linaloiambia ianzie folda gani, na tangu toleo la 68 kuna na installs.ini pia. Kuyahariri kwa mkono nikaona nitaharibu, nikaiwasha kwa amri ya thunderbird -P, kinakuja kidirisha cha kuchagua profaili, nikatengeneza moja nikaielekeza kwenye folda ya zamani. Folda zote zikajipanga upande wa kushoto, hadi pasiwedi zimo (zinakaa logins.json na key4.db, ukikosa moja basi tena, unaziandika upya).

Ila inboksi nyeupe pee. Hakuna hata imeli moja.

Siku ya 2

Hii akaunti ni ya POP3, njia ya kushusha imeli kutoka kwenye seva, na niliiseti imeli zikishashuka kwenye mashine zifutwe kwenye seva, kwa hiyo huko hakuna cha kuvuta. Ingekuwa IMAP, ambayo imeli hubaki kwenye seva, ningekunywa chai tu nikisubiri zishuke zenyewe.

Nikaingia folda ya Mail nikaanza kuangalia faili moja moja. Sent ipo, Sent.msf ipo. Inbox.msf ipo. Inbox yenyewe haipo!! Na hiyo .msf ni faharasa tu, imeli zenyewe ziko kwenye lile faili lisilo na mkia wowote wa jina, ni maandishi yamefuatana tu, ukilifungua utaona kila imeli inaanza na mstari wa "From - " na tarehe.

Hapo nikakumbuka, nikajicheka. Flashi imeformatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili linalofika GB 4, na Inbox yangu ilikuwa imeshapita 5. Ile siku nakopi ikaniambia faili ni kubwa mno, nikabonyeza kuruka nikaenda kulala. Yaani nilionywa kabisa.

Siku ya 3

Nikairudisha ile diski inayogonga kwa waya wa SATA kwenda USB. Windows ikanikatalia kufungua folda ya mtumiaji wa zamani, nikabonyeza kuendelea, ikakaa muda inabadilisha ruhusa. Nikakopi faili moja tu, Inbox, sikutaka kuichosha na mengine. Ikafika 71% ikasimama, diski inalia tk, tk, tk, mimi nimekaa sitikisi hata meza. Baada ya dakika kama sita ikaendelea, ikamaliza.

Nikafunga Thunderbird (usipesti ikiwa imefunguliwa), nikaweka Inbox mahali pake, nikaifuta Inbox.msf ili ijitengenezee faharasa mpya. Nikafungua, nikasubiri, zikaanza kumiminika. Zote zimo, mpaka zile za 2011.

Sasa kilichonichekesha. Nikaweka nakala pembeni halafu nikabonyeza kubana folda, kitu ambacho programu imekuwa ikiniuliza miaka yote na mimi nakataa, maana imeli ukiifuta inabaki humo humo kwenye faili mpaka ubane. GB 5 ikashuka ikawa 1.8.

Ingeenea kwenye flashi na nafasi ikabaki. Flashi sasa hivi naiformati exFAT, mpangilio unaopokea faili kubwa.