Bastola iliyogoma siku ya mashindano

Skuli yetu ya Wete, Pemba, ilikuwa na bastola moja ya kuanzishia mbio: revolva ndogo ya .22 (upana wa risasi kwa inchi) yenye matundu sita ya risasi. Mtutu umezibwa kwa chuma tokea kiwandani, moshi hutokea kwenye kitundu cha juu. Hairushi kitu, lakini hewa ile ya moto inaunguza mtu aliye karibu, kwa hiyo ilifungiwa kabati moja na risasi kabati jengine.

Wazee wengine waliuliza kwa nini filimbi isitoshe. Watunza saa husimama mwisho wa mita 100, na sauti huchukua karibu thuluthi ya sekunde kuwafikia. Anayebonyeza saa kwa kusikia mlio humzawadia mkimbiaji muda asioustahiki. Kinachoangaliwa ni moshi, na ndiyo maana zilinunuliwa risasi zisizo na kichwa zenye baruti nyeusi, inayotoa moshi mzito. Masizi nayo huja hapohapo.

Mchujo wa kwanza wa wavulana, Maalim wa michezo akanyanyua mkono. "Tayari!" Ukasikika mlio mkavu tu, ta! Wawili wakachomoka, wengine wakabaki wameinama. Watu wakaanza kupiga kelele kuwa risasi zimeota ukungu.

Maalim hakuishusha bastola. Aliiacha imeelekea juu, akahesabu polepole mpaka thalathini, maana risasi ikichelewa kuwaka huweza kulipuka wakati mtu anaichungulia. Kisha akafungua kilango cha pembeni, akaitoa, akaniita.

"Mwanangu, tazama kitako. Pini imegusa tu, haikuponda."

Alama ilikuwepo ukingoni, nyembamba kama ya ukucha. Risasi za .22 za namna hii hazina kofia ya katikati. Dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa kitako, na pini huupiga ukingo huo ukiwa umeegemea mdomo wa tundu. Ganda lisipoingia mpaka mwisho, pigo huishia kulisukuma mbele. Ingekuwa dawa haikuenea vizuri, alama ingekuwa ya kina na risasi isingewaka. Hapo unaigeuza kidogo, pini ipige upande mwengine. Hii haikuwa hivyo. Alipozisukuma zilizobaki kwa dole gumba, tatu zilikuwa zimechomoza unene wa karatasi. Masizi ya mashindano ya nyuma yalikuwa yameganda ndani ya matundu, na hewa ya chumvi ya Wete ikaongezea kutu.

Akatoa risasi zote, akachomoa msumari unaoshika silinda, lile gurudumu lenye matundu ya risasi, akaniagiza mafuta ya taa na kitambaa cha kanga kuukuu. Kitambaa kikazungushwa kwenye kijiti cha mkarafuu, kikaingizwa na kuzungushwa kila tundu mpaka kikatoka bila weusi. Msasa hakuutaka hata kuusikia: tundu likipanuka, ganda huvimba na kupasuka. Tundu moja lilikuwa na kinundu cha chuma mdomoni, kazi ya mtu aliyekuwa akiifyatua tupu, maana bila ganda pini hupiga chuma cha silinda chenyewe. Hilo akaliacha bila risasi. Matano yalitosha, kila mbio huhitaji moja ya kuanzia na moja akiba ya kuwarudisha wakimbiaji pakiwa na mtu kavunja mstari.

Mchujo ukarudiwa, ikalia mara ya kwanza.

Jioni, kabla ya kwenda kula, silinda ilioshwa kwa maji ya moto na sabuni. Mabaki ya baruti nyeusi yana chumvi inayovuta unyevu, na chumvi hiyo huyeyuka kwa maji. Ukipaka mafuta juu yake bila kuosha umeifungia ndani. Ikakaushwa juu ya jiko la mkaa, ikatiwa tone la mafuta ya cherehani. Maganda yakahesabiwa pamoja na risasi zilizobaki, hesabu ikaandikwa daftarini, na kando ya tundu lile lenye kinundu Maalim akatia doa la rangi nyekundu ya kucha aliyoiomba nyumbani kwake.