Kutoka Mkoani na bahasha ya kaki

Mama alinisindikiza hadi barabarani kwa tochi ya simu. Gari ya Mkoani, bandari ya Pemba, hupita Wete kabla hakujapambazuka, na ukiikosa gari umeikosa na meli. Alikuwa ameishika bahasha yangu ya kaki kwa mikono miwili, akauliza swali lile lile aliloniuliza wiki mbili nzima.

"Mwanangu, hii si Omani?"

"Si Omani, mama. Thailand. Na leo naishia Unguja tu. Nakwenda kufanya usaili."

"Na kazi yenyewe si ya ndani?"

"Kusomesha, mama. Kiingereza."

Akanikabidhi bahasha. "Haya. Allah akufikishe salama."

Sikumlaumu. Mtaani kwetu msichana akisema anakwenda nje kufanya kazi, watu wanaelewa jambo moja tu, na baadhi ya waliokwenda wamerudi na habari ambazo hazisemwi mbele ya watoto. Ndani ya bahasha nilikuwa na shahada yangu ya ualimu, cheti cha kuzaliwa, barua ya sheha, picha sita za paspoti na cheti cha saa 120 cha kusomesha Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo. Hicho cha mwisho nilikisomea kwa simu kwa miezi minne, nikinunua bando usiku. Nitasema kweli: hakikunifunza hata robo ya nilichofunzwa na watoto 83 wa darasa langu. Lakini usipokuwa nacho, barua yako ya maombi haisomwi.

Nimejitolea skuli miaka mitatu bila ya mshahara. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 iliamua hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, kwa hivyo nimewaona kwa macho yangu watoto wenye akili nyingi wakinyamaza, si kwa kutojua jibu, bali kwa kutojua jibu linasemwaje. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Na hapo ndipo nilipoanza kutafuta mahali patakaponilipa kwa kuifanya.

Kutafuta kwenyewe kulinichosha moyo. Tangazo baada ya tangazo lilitaka mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Korea Kusini, viza ya walimu wa Kiingereza kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Haijalishi umesoma nini wala umesomesha miaka mingapi. Nililisoma sharti hilo usiku mmoja, nikaenda kukaa uani mpaka adhana ya alfajiri.

Kabla ya hapo nilishatapeliwa. Wakala mmoja aliniandikia kwamba skuli imenikubali na nitume shilingi laki sita za kuandaa viza. Zilikuwa fedha za karafuu za baba. Tulizichuma sote, tukazianika kwenye majamvi, tukawa tunakimbia kuzianua kila wingu likikusanyika. Nilizituma siku ya Jumatatu, na Jumatano simu yake haikupatikana tena. Kwa hiyo ninamwambia kila mwalimu anayeniuliza: skuli ya kweli haimtozi mwalimu fedha ili imwajiri. Mkataba unauona kwanza, unausoma wote. Na mtu akikwambia uingie kwa viza ya matembezi halafu mambo yatatengenezwa huko huko, achana naye, kwa sababu siku utakayokamatwa ukifanya kazi, wewe ndiye utakayewekwa ndani na kurudishwa kwenu.

Meli iliondoka Mkoani jua likianza kupasha moto mabati. Nilipata nafasi ya juu, upande wa kivuli. Karibu yangu alikaa msichana wa Kijerumani mwenye buibui la kuazima na daftari lililojaa maandishi. Alikuwa akisoma Kiswahili Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na alikuja Pemba kutembea siku nne. Aliniamkia vizuri, tukazungumza, kisha akafungua daftari.

"Dada, naomba nikuulize. Mnasema paka amekuja na rafiki amekuja. Wote wawili a-. Basi mbona ni paka wangu, lakini rafiki yangu?"

Nikafikiri. Nikayasema maneno yote mawili kimoyomoyo, mara ya kwanza na ya pili.

"Ndivyo tunavyosema," nikamwambia.

Akasubiri, akidhani kuna kitu kinafuata. Hakikufuata kitu. Ndipo yeye akanieleza, kwa upole, kwamba mwalimu wake amemfundisha: baadhi ya majina ya jamaa na watu wa karibu, kama baba, mama, dada na rafiki, hubaki na yangu, ila wanyama huchukua wangu. Akanionyesha alivyoyapanga katika safu mbili kwa wino mwekundu na wa buluu.

Nimekitumia Kiswahili tangu nilipojua kusema, na jambo hilo sikuwa nimeliona hata siku moja. Nililitumia tu, kama ninavyopumua. Nikaanza kufikiria Kiingereza changu. Nakumbuka nilipojifunza kwamba asubuhi ina kiungo chake, in the morning, na usiku una kingine, at night. Nilikuwa kidato cha kwanza, nilichekwa mbele ya darasa, nikarudi nyumbani nikaandika sentensi hamsini. Kila kona ya lugha ile naijua kwa sababu nimejigonga nayo. Mtoto wangu wa darasani akikosea, mara nyingi najua ametoka njia gani hata akafika kwenye kosa lile. Huo nao ni ujuzi. Kwa nini hauandikwi katika matangazo ya kazi?

Sikumwambia yote hayo yule dada. Nilimwambia kimoja, kwamba sisi watoto wa Pemba tulipokuwa skuli tuliambiwa Kiswahili chetu si sahihi. Kiunguja cha mjini ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisanifu ikaanza kazi mwaka 1930. Kwa hiyo hata katika lugha niliyozaliwa nayo kuna mtu anayehesabiwa kuwa ndiye mwenyewe, na kuna sisi. Aliliandika hilo katika daftari.

Tulipokaribia Nungwi, mazungumzo katika meli yalipungua yenyewe. Mkondo wa pale una nguvu, chombo kinayumba, na watu wa Pemba hawajasahau usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikielekea kwetu. Mzee mmoja alikuwa akisoma Yasin kwa sauti ya chini. Nilimtazama mpaka mnara wa taa ulipobaki nyuma yetu.

Unguja sina mengi ya kusimulia. Nililala kwa shangazi Mwanakwerekwe. Asubuhi nilikwenda Ziwani, makao makuu ya polisi, kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya cheti cha tabia njema, maana skuli yoyote ya maana itataka kujua kama mtu anayewekwa na watoto ana kesi. Foleni ilikuwa ndefu lakini ilikwenda.

Saa nane mchana nilikuwa Vuga. Rafiki yangu tuliyesoma pamoja anasomesha skuli moja ya binafsi, akaniazima chumba chenye ubao, kompyuta na mtandao usiokatika kama wa kwetu. Alifunga dirisha kwa sababu ya honi za daladala, akaniwekea chupa ya maji, akatoka.

Walitokea wawili kwenye kioo cha kompyuta: mkuu wa skuli, mama wa Kithai mwenye miwani, na mwalimu kiongozi wa Kiingereza, dada wa Kifilipino. Swali la kwanza lilikuwa lile nililoliogopa. Je, Kiingereza ni lugha yako ya kwanza?

"Hapana," nikasema. "Nimejifunza skuli, kama watakavyojifunza watoto wenu."

Wakaandika. Wakanipa dakika kumi niwasomeshe kana kwamba wao ni darasa la nne.

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi. Nilisoma kwamba Kithai kina neno khao, linalotumika kwa mwanamume na kwa mwanamke sawasawa, kama yeye yetu. Nikajua basi kwamba watoto wao watakosea pale pale wanapokosea wangu, watamwita mama kwa neno la mwanamume na baba kwa neno la mwanamke. Nilichora kadi mbili kwenye gamba la daftari: mwanamke aliyejifunga kanga amebeba pakacha, na mwanamume mwenye kofia juu ya mkarafuu. Sikueleza kanuni yoyote. Niliinua kadi, nikasema sentensi, nikawasubiri wao waseme. Nikabadilisha kadi haraka, tena haraka zaidi. Mara ya tano mkuu wa skuli alikosea, na sijui hadi leo kama alikosea makusudi. Nikaishusha kadi ya baba, nikaipandisha ya mama, nikanyamaza. Akajirekebisha mwenyewe.

Yule dada wa Kifilipino akacheka kwa furaha. "Kwetu ni siya," akasema. "Neno moja tu, kwa wote. Mimi pia nilikosea miaka mingi."

Yeye, khao, siya. Tulikuwa wanawake watatu katika usaili wa Kiingereza, na hapana hata mmoja wetu aliyezaliwa nacho.

Tukaingia kwenye mshahara. Nikauliza waziwazi kama wenye paspoti za nchi zile saba wanalipwa sawa na wengine. Dada yule alimtazama mkuu wake, kisha akaniambia kweli: hawalipwi sawa, wanalipwa zaidi. Nilimshukuru kwa kutonificha. Jambo hilo si haki na sitolizoea, hata kama nitalikubali kwa sasa kwa sababu ni mshahara wa kwanza wa kazi yangu baada ya miaka mitatu. Wakanieleza yaliyobaki: mtihani wa Kiingereza kwa kuwa si mzawa wa lugha, viza ya kazi kupitia ubalozi wao ulioko Nairobi, na muhula wao unaoanza Mei. Wakasema wataniandikia.

Siku ya pili nikapanda meli ya kurudi. Mtandao ulikuwa bado upo tulipokuwa tunaipita Nungwi, na barua pepe ikaingia hapo. Wanataka usaili wa pili Jumanne ijayo, safari hii mbele ya darasa lenyewe, watoto 40 wakinitazama kwenye kioo kikubwa. Waliuliza kama nitaweza. Nilianza kuandika jibu, na alama ya mtandao ikapotea kabla sijalimaliza.

Nikatoa gamba jingine la daftari nikaanza kuchora kadi mpya: mvuvi, bibi, mtoto anayepanda baskeli. Kadi zilikuwa zimefika kumi na moja, vilima vya Pemba vilipoonekana. Pale gatini Mkoani, watu wakisukumana na mizigo yao, nikasimama pembeni na kuinua simu juu mpaka alama ikarudi.

Nikatuma: nitaweza.